Mkono wa Fundi Springi

Kama umewahi kushika gitaa la plastiki lenye vifungo vitano vya rangi mahali pa nyuzi, ukasimama mbele ya televisheni ukapiga wimbo wa watu kana kwamba ni wako, basi raha yake unaijua na sina haja ya kukuchosha. Kama hujawahi, ni mchezo wa video, na unachezwa hivi. Alama za rangi zinateremka kwenye kioo, kila moja na kifungo chake. Alama ikigusa mstari wa chini, uwe umebonyeza kifungo na kugonga kile kipande cha katikati ya gitaa kinachoitwa ulimi. Ukigonga kwa wakati, muziki unaendelea na umati wa humo ndani unakushangilia. Ukikosea, gitaa linanyamaza, na wewe unabaki umesimama na plastiki yako mbele ya watu.

Fundi Springi hakuwa akicheza. Yeye kazi yake ilikuwa kuyatibu magitaa hayo. Kwa miaka kumi na tisa alikaa nyuma ya ukumbi mmoja wa michezo, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mifagio kabla hajakipata yeye, na humo alifungua magitaa, akayasafisha kwa pamba na spiriti, akachomelea nyaya zilizokatika, akayafunga, yakarudi ukumbini kupigwa tena. Alianza na magitaa ishirini na manne. Sasa yalibaki kumi na mawili, kwa sababu kampuni iliyoyatengeneza ilishaachana nayo zamani na spea hazipatikani kwa dawa, hivyo kila lililokufa lilichinjwa ili mengine yaishi.

Jina lake lilitokana na springi iliyo chini ya ulimi, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, ambayo ndiyo huchoka kwanza. Hiyo nayo haiuzwi popote. Fundi akagundua kwamba springi ya kalamu ya kubofya, ukiikata katikati kwa koleo na kuipinda ncha moja, inakaa pale kama ilizaliwa pale. Tangu siku hiyo hakuna kalamu iliyotupwa mtaani kwao. Majirani waliziweka kwenye makopo, wifi yake aliyekuwa karani alimletea mfuko mzima, hata daktari wa macho alimpa tatu siku alipokwenda kupima miwani. Mama wa miaka hamsini na minane, anaombaomba kalamu zilizokauka. Wajukuu walimcheka, na yeye aliwaacha wacheke.

Alikuwa amechoka, hilo tuliseme mapema. Sisemi ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ni ule wa kupanda ngazi nane za nyuma ya ukumbi na kujikuta unaziona nane, moja moja, wakati zamani zilikuwa ngazi tu. Nyumbani alikuwa na mume mwenye magoti mabovu, dereva mstaafu aliyebaki kuendesha rimoti, na mzee huyo alikuwa na ulimi mrefu. Asubuhi moja, chai ikiwa mezani, alimwambia, "Mke wangu, siku hizi nikikuuliza kitu, jibu linakuja nimeshasahau swali."

"Maswali yako yenyewe ni ya kusahaulika," Fundi alisema, akanywa chai yake.

Sasa nikueleze jambo moja la kazi ile, kwa sababu bila hilo hutaelewa yaliyompata. Televisheni hizi bapa zina ulegevu. Zinapokea picha, zinaitafakari kidogo, ndiyo zinaionyesha, na kila televisheni hutafakari kwa kiasi chake. Mchezo unaujua ulegevu huo, kwa hiyo una ukurasa wa kupima. Unasikia mdundo, tik, tik, tik, na kila mdundo unagonga ulimi. Mashine inahesabu umechelewa kiasi gani, inakupa namba, na kuanzia hapo inamvumilia kila mchezaji kwa kiasi hicho. Sekunde moja ukiikata vipande elfu, hiyo namba ni vipande. Ishirini ni kidogo sana, mia unaanza kuisikia.

Bosi Mkubwa, aliyeufungua ukumbi ule, Mungu amlaze pema, alikuwa na sheria moja tu. Mashine zote zipimwe kwa mkono mmoja. Alisema watu wawili wakipima, gitaa hili litakwenda hivi na lile vile, na mteja akihama kona ataona ametapeliwa. Mkono aliouchagua ulikuwa wa Fundi. Basi kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kabla milango haijafunguliwa, Fundi alipita gitaa kwa gitaa, akagonga tik, tik, tik, akaiandika namba kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha plasta ndani ya kifuniko cha betri, akafunga. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mkono mwingine uliogusa ukurasa ule. Aliona fahari kwa hilo, na kwa nini asione?

Mwaka ule wateja wa magitaa walikuwa wamebaki tisa. Ndiyo, tisa, wanahesabika. Walikuja kila siku isipokuwa Ijumaa, wote watu wazima, na mkubwa wao alikuwa Mwalimu, mstaafu wa hesabu, mgane wa miaka sabini na mmoja, suruali imepigwa pasi ikakaa msumari. Saa tisa alasiri alikuwa mlangoni. Alicheza nyimbo tatu, hakuzidisha wala hakupunguza, na kitu cha ajabu ni kwamba kadiri alivyozeeka ndivyo alivyozidi kuwa hatari. Alipostaafu alikuwa akifanya makosa ya aibu. Sasa alimaliza wimbo mgumu akiwa amekosa alama mbili tu, akageuka kumtazama Fundi aliyesimama mlangoni na taulo begani.

"Nimempigia binti yangu simu," alimwambia siku moja. "Nimemwambia magoti yamekwenda, macho yamekwenda, lakini mkono, mwanangu, mkono unazidi kuwa mwepesi."

"Hongera, Mwalimu," Fundi alisema, na alifurahi kweli.

Vijana hawakukaa. Waliingia, wakacheka, wakashika gitaa, wakacheza nusu wimbo, gitaa likawanyamazia, wakalirudisha. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi alilirudisha kwa mikono miwili akasema samahani, nadhani nimeliharibu. Fundi alilifungua, akakuta ni zima kabisa. Vijana wa siku hizi hawana subira, ndivyo alivyosema, na alilisema mara nyingi mpaka likawa kama wimbo wake.

Basi Bosi Mdogo, mtoto wa marehemu, akaleta kitu kipya. Hakikuwa na gitaa. Kilikuwa kioo kirefu kama mlango, na juu yake jicho la kamera. Unasimama mbele, unashika hewa, jicho linatazama vidole vyako na linajua umebonyeza wapi. Mgeni wa kampuni aliyekileta alikuwa kijana mtanashati, na aliongea na Fundi kwa adabu zote. Hakuna cha kuvunjika, mama, alisema. Hakuna betri, hakuna waya, hakuna springi. Na kinajipima chenyewe kila asubuhi, hakihitaji mtu. Miaka mitano ijayo hakuna mtu atakayekumbuka kwamba tulikuwa tunashika plastiki. Fundi alimsikiliza akiwa na kalamu tatu mbovu kwenye mfuko wa aproni.

"Wiki mbili," Bosi Mdogo alisema. "Tunakiweka hapa kwa majaribio wiki mbili. Watu wakikipenda, magitaa yanakwenda stoo. Wasipokipenda, kinarudi kwao."

"Na mimi, Bosi?"

"Tutaona, Mama Fundi."

Fundi alikuwa amekula chumvi ya kutosha kujua "tutaona" ya namna hiyo inaishia wapi. Inaishia nyumbani, mbele ya rimoti, pamoja na mzee wa magoti.

Siku ya kwanza wale tisa walikijaribu wote, na wote walianguka vibaya. Mwalimu alisimama mbele ya jicho, akanyoosha mgongo, akapiga hewa, na umati wa ndani ya kioo ukamzomea kabla hajafika kiitikio. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Akavua miwani akaifuta.

"Hii mashine ina kiherehere," alisema. "Inataka nipige kabla ya wimbo."

Wengine wakaunga mkono. Kina haraka. Hakina utu. Bora plastiki yetu. Wakarudi kwenye magitaa yao, na Bosi Mdogo akawa anawatazama huku akijikuna kidevu. Fundi alirudi stoo kwake akafunga mlango, akakaa, akacheka peke yake, kicheko kidogo cha mtu aliyeponea chupuchupu. Wiki nzima alipanda zile ngazi bila kuzihesabu.

Aliyemharibia ni Kwaya. Huyu alikuwa binti wa kaunta, mwenye miaka ishirini na sita, na walimwita hivyo kwa sababu alipiga ngoma kwenye kwaya yao na hakuacha kugongagonga kitu: kaunta, kopo, goti lake mwenyewe. Alikuwa na miaka minne pale, na kwa miaka minne hakuwahi kumaliza hata wimbo wa watoto kwenye gitaa la plastiki. "Mama, gitaa halinitaki," alikuwa akisema, na Fundi alikuwa akimtania kwamba ngoma imemharibu mikono.

Jumanne ya wiki ya pili, saa nne, ukumbi mtupu, Kwaya aliacha kaunta akasimama mbele ya jicho. Fundi alikuwa chini ya meza ya gitaa la saba, bisibisi mdomoni. Alisikia umati ukishangilia, akachungulia. Binti alikuwa anapiga hewa, macho ameyafumba nusu, anatikisa kichwa, na alama zote zilikuwa zinawaka. Alimaliza wimbo mgumu. Hakukosa hata moja. Kisha akarudi kaunta akaendelea kula njugu zake kama hakuna kilichotokea.

Fundi alitoa bisibisi mdomoni. Alijisemea kwamba ni bahati. Jumatano alijisemea hivyohivyo. Lakini mtu anayepiga ngoma kila Jumapili mbele ya watu mia tatu, nao wanamfuata, mtu huyo hana mkono mbaya. Na kama mkono wake si mbaya kwa jicho, kwa nini ni mbaya kwa gitaa? Swali lilikaa kifuani kama tonge kavu, na chai ya mume wake haikulishusha.

Ijumaa asubuhi Bosi Mdogo alimwita kaunta. Alikuwa anatabasamu.

"Mama Fundi, umeshinda. Watu wako wamenigomea. Jumatatu jamaa wanakuja kuchukua mlango wao." Akacheka. "Magitaa yanabaki. Na wewe unabaki, mpaka utakapochoka mwenyewe."

"Asante, Bosi," alisema. Alingoja furaha ije, haikuja.

Mchana ukumbi ulipotulia alimwita Kwaya kwenye gitaa la saba. Akafungua ukurasa wa kupima, akamvalisha mkanda begani.

"Mama, si umesema asiguse mwingine?"

"Gusa, mwanangu. Ukisikia tik, gonga. Usifikirie."

Binti aligonga. Mashine ikahesabu, ikatoa namba: ishirini na mbili. Fundi alilichukua gitaa, akagonga yeye, kwa makini kuliko siku zote, amekaza meno. Mia na kumi na sita. Akasema ni springi. Wakaenda gitaa la tatu. Kwaya ishirini na nne, Fundi mia na kumi na nane. Akasema ni televisheni. Wakahamia kona nyingine, televisheni nyingine. Kwaya ishirini na moja. Fundi hakugonga tena. Alikaa kwenye stuli.

"Mama, kuna nini?"

"Niletee maji."

Binti alipokwenda, Fundi aligeuza gitaa akafungua kifuniko cha betri. Plasta ilikuwa pale, na namba zake, kwa mwandiko wake mwenyewe, zimepangwa juu hadi chini, mwaka baada ya mwaka. Ishirini na tatu. Ishirini na tano. Thelathini na moja. Arobaini na nne. Sitini. Themanini na mbili. Tisini na tisa. Mia na kumi na sita. Alikuwa ameziona kila mwezi. Kila mwezi aliziandika, akatikisa kichwa, akasema televisheni zinazeeka. Hata televisheni mpya mbili zilipoletwa na namba ikakataa kushuka, alisema siku hizi wanatengeneza vitu vya ovyo.

Televisheni hazikuwa na kosa. Aliyekuwa anazeeka ni yeye, na kila alipochelewa kidogo aliyafundisha magitaa kumi na mawili yachelewe naye. Wale tisa walikuwapo muda wote, wakazoea polepole bila kujua, mikono yao ikifuata wa kwake. Lakini aliyeingia kutoka nje, mwenye mkono mzima, aligonga kwa wakati na akaambiwa amekosea. Yule mwanafunzi wa uuguzi aliyeomba samahani hakuwa ameharibu kitu. Alikuwa amepatia. Fundi aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kuchoma masikio, na hakukuwa na mtu wa kumtupia lawama.

Kwaya alirudi na maji. Fundi akanywa yote, akamweleza kila kitu, maneno machache.

"Sasa utafanyaje?" binti aliuliza kwa sauti ya chini. "Bosi ameshasema yanabaki. Hakuna anayejua."

Ni kweli. Hakuna aliyejua. Angefunga kifuniko, angekaza skrubu, Jumatatu mlango wa jicho ungeondoka na yeye angebaki na stoo yake na makopo ya kalamu mpaka achoke mwenyewe. Alikuwa ameshachoka, lakini kwenda nyumbani nako kulimtisha. Kwaya alikwenda kaunta kuhudumia watu wawili, akarudi.

"Gitaa la kwanza," Fundi alisema hatimaye. "Twende tuyapime yote. Kwa mkono wako."

Jumamosi wale tisa walikuja, wakashika magitaa, na ikawa msiba. Alama walizozipiga kwa miaka zikawapita. Mmoja aliligongagonga gitaa mgongoni. Mwalimu alicheza wimbo wa kwanza, akakosa alama thelathini na nane. Akaucheza tena, arobaini na moja. Wa tatu hakucheza. Alivua mkanda, akalilaza gitaa mezani kwa upole, akatoka bila kumtazama Fundi, na suruali yake ya msumari ilikuwa imekunjamana magotini.

Bosi Mdogo alimfuata Fundi stoo. "Umefanya nini?"

Alimweleza. Hakuficha, wala hakujitetea. Alimwonyesha plasta yenye namba, na kijana aliisoma kwa kidole mpaka mwisho.

"Rudisha kama yalivyokuwa," alisema.

"Naweza kurudisha. Mwakani itakuwa mia na thelathini, Bosi, na hao tisa watakuwa saba. Halafu watano. Kila kijana anayeingia mlangoni hapo, mimi ndiye ninayemfukuza, na nilikuwa nawasema wao."

Bosi Mdogo alikaa juu ya sanduku. Kwa mara ya kwanza alifanana na baba yake, ile namna ya kushika magoti.

"Mzee aliuamini mkono wako," alisema.

"Ndiyo maana nakwambia."

Hakumfokea. Ingekuwa nafuu kama angemfokea. Alisema kwamba kama jicho na gitaa vyote vinakwenda sawa, basi hana sababu ya kukaa na vitu visivyo na spea. Mlango wa jicho utabaki. Magitaa tisa yatakwenda kwenye maboksi, matatu yatabaki kona ile mpaka yafe, na upimaji utakuwa wa Kwaya. Fundi aje siku mbili kwa wiki, afute kioo na kuyaangalia hayo matatu. Fundi alisema sawa. Jioni alimwambia mume wake, na mzee alizima televisheni akamsogezea kiti.

Jumatatu alifunga magitaa tisa kwenye maboksi. Alitoa betri zote, maana betri ikivujia ndani inakula chuma, na hakuweza kujizuia kufanya kazi vizuri. Mbele ya jicho walikuwa vijana wanne, wanapiga hewa na kupiga kelele. Wawili wengine walikuwa kona ya magitaa, msichana na mwenzake, wamemaliza wimbo mzima na wanadai mwingine. Fundi aliwatazama kutoka mlangoni. Alifurahi na aliumia, vyote kwa pamoja.

Saa tisa kamili Mwalimu aliingia. Hakwenda kwenye gitaa. Alikuja moja kwa moja mlangoni kwa Fundi.

"Nimekuja kukuaga," alisema. "Mkono umeniisha, Fundi. Umeisha ghafla, kama mtu anavyozima taa. Alhamisi nilikuwa nao. Jumamosi sina." Alijaribu kucheka. "Sijui nitamwambia nini yule binti yangu. Nimejisifu sana."

Fundi alifungua mdomo. Maneno alikuwa nayo, aliyasema vizuri mbele ya Bosi, na huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, namba angezielewa kuliko mtu yeyote. Angemwonyesha plasta. Angemwambia kwamba mkono wake haujaisha Jumamosi. Ulikuwa unaisha miaka yote hiyo, pamoja na wa kwake, na mashine ilikuwa inawafichia wote wawili.

"Hebu ngoja," alisema badala yake. "Lile gitaa la mwisho sijaliamini. Njoo."

Alilichukua gitaa la kona ya ndani, akalipeleka mezani, akalifungua mbele ya Mwalimu, akatoa springi iliyokuwa nzima na kuweka springi nyingine iliyokuwa nzima vilevile. Akalifunga, akamvalisha mkanda, akafungua ukurasa wa kupima, akasimama kati yake na kioo.

"Tuijaribu springi. Ukisikia tik, gonga. Usifikirie."

Mzee aligonga, amefumba macho, mdomo unahesabu bila sauti. Fundi aligeuka kuitazama namba. Mia na thelathini na moja. Aliiziba kwa kiganja kabla Mwalimu hajafumbua macho, akabofya ikubaliwe, akaufunga ukurasa. Kisha akabandika plasta mpya shingoni mwa gitaa, akaandika MWALIMU, ASIGUSE MWINGINE.

"Haya, cheza."

Mwalimu alicheza. Mwanzo alikuwa na woga, alama nne zikampita. Ya tano akaipata, na ya sita, na zikafuatana, nyekundu, kijani, bluu, njano, mpaka umati wa ndani ya kioo ukapiga mayowe, na yule msichana wa gitaa la pili akageuka kutazama. Wimbo ulipokwisha, Mwalimu alibaki amesimama, anahema, mgongo umenyooka.

"Unaona?" alisema. "Unaona, Fundi? Ilikuwa nini?"

Fundi Springi alikuwa ameinama anaokota springi ya kwanza iliyoangukia sakafuni, na alichukua muda wake kuinuka.

"Springi tu, Mwalimu," alisema. "Ilikuwa springi."